Alasiri Isiyokuwa na Mshindi

Mwaka ule nilikuwa nikiwatunza wazee wawili Waingereza, mume na mke, katika nyumba isiyo na ghorofa huko Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa siku nzima zikishusha magurudumu, na wenyewe walikuwa wameacha kuzisikia. Mzee alikuja Minnesota, huku Marekani, akiwa injinia kijana, ametumwa na kampuni yake kwa muda mfupi tu. Kazi ikanoga, mtoto akazaliwa, na muda mfupi ukawa umri wake wote. Pasipoti ya Uingereza hakuiacha. Wala lafudhi.

Miguu yake ilikuwa imechoka, na moyo wake ulikuwa umechoka zaidi. Majira ya baridi yaliyotangulia alilazwa hospitali, akarudi na kiti cha magurudumu na dawa zilizojaza rafu nzima ya jikoni. Mke wake bado alikuwa na nguvu, ila macho yalikuwa yakififia. Niliwaita Mzee na Nyanya. Mwanzoni niliwaita hivyo moyoni, hadi siku moja neno likaniponyoka, Mzee akataka kujua maana yake. Nilipomweleza, akalipenda. "Kwetu neno la mtu wa umri wangu ni karibu na tusi," alisema. Nyanya naye alipojua kwamba jina lake ni bibi, na pia ni kitu kinachokatwa kwenye kachumbari, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilipenda kwenda pale. Kazi ya kutunza wazee ndiyo iliyotupokea wengi wetu tuliotoka Kenya, na mtu akishaizoea anajua nyumba zenye upendo na nyumba zenye utaratibu tu. Ile ilikuwa na upendo, mpaka mwezi wa nne.

Mwezi huo waziri mkuu wao, mwanamke, alitoka mbele ya mlango wa ofisi yake kule London akatangaza uchaguzi ambao hakuna aliyeutarajia. Bado kulikuwa na miaka kabla ya uchaguzi mwingine kufika. Mzee na Nyanya walikuwa wakinywa chai ya asubuhi mbele ya runinga, mimi nikipaka siagi mkate wa Mzee.

"Anataka kuwafagia wapinzani wote, abaki peke yake," Mzee alisema.

"Na awafagie," Nyanya alijibu. "Wamezidi kelele."

Ningeweza kuapa kwamba ni utani. Lakini Mzee alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka kaskazini, na Nyanya alikuwa binti wa mwenye duka la vitambaa kutoka kusini, na maneno yale yalikuwa yamelala kati yao tangu siku ya harusi.

"Watu kama babako ndio waliofunga migodi yetu."

"Na watu kama babako ndio waliozima taa za nchi nzima kwa migomo yao. Tulikula gizani kwa ajili yao."

Mzee akasukuma sahani. Nyanya akainuka, akaenda chumbani. Tangu asubuhi hiyo hawakusemezana tena. Walilala chumba kimoja, wakala meza moja, na kila neno likapitia kwangu. "Mwambie Nyanya wako redio iko juu." "Mwambie Mzee wako masikio ni yake, ayazibe." Walikaa wakitazamana, goti karibu liguse goti, na mimi katikati kama mjumbe wa majeshi mawili. Siku za kwanza nilicheka nikiwa garini. Baadaye sikucheka tena, kwa sababu nilikuwa natoka kwenye ukimya ule nakwenda kwenye ukimya wa nyumbani kwangu.

Sisi tulikuwa tukiishi Columbia Heights, kwenye fleti ndogo, mimi na mume wangu na watoto wawili ambao walielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Mume wangu ni nesi. Tulikutana huku huku, kanisani, tukaoana huku huku. Makabila yetu ni tofauti, na kila uchaguzi unapofika Kenya makabila hayo hujikuta pande mbili. Uchaguzi wetu ulikuwa mwezi wa nane mwaka huo huo. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno kwamba siasa isitajwe, haikutajwa tu. Yeye alisikiliza habari za nyumbani kwa visikizio. Mimi nilisoma kwenye simu nikiwa nimekaa garini kabla ya kupanda ngazi. Tukiwa mezani tulizungumzia theluji, au bei ya matairi.

Binti wa wazee, aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa haraka na uso wa mtu anayesubiri simu mbaya. Yeye ndiye aliyezungumza na wakala wangu wa kazi, na ndiye aliyepanga kila kitu. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Waingereza alinivuta pembeni, karibu na mashine ya kufulia.

"Alhamisi runinga haitawashwa," alisema. "Daktari ameonya kuhusu presha yake. Rimoti nitampa mama aifiche. Akipatwa na jambo, nitakuuliza wewe."

"Nimeelewa."

"Nitapita jioni nikitoka kazini."

Alhamisi hiyo nilipofika nilimkuta Mzee amevaa shati jeupe na tai. Alikuwa ameamka mapema akajivalisha mwenyewe, na vifungo viwili vilikuwa vimekosea matundu. Kura hakuwa nayo. Nchi yake ilikuwa imemwambia amekaa nje muda mrefu mno. Mimi pia yangu sikuweza kuipiga kutoka Minnesota, kwa hiyo nilimwelewa. Alikataa uji. Adhuhuri alikataa supu. Alikaa akitazama runinga iliyozimwa kama mtu anayetazama mlango wa hospitali.

"Kura zitafungwa London saa nne usiku," aliniambia. "Hapa itakuwa saa kumi alasiri. Dakika hiyo hiyo watatoa makisio. Niwashie, mwanangu."

"Siwezi, Mzee. Nimekatazwa."

"Mimi ni mtu mzima katika nyumba yangu."

"Najua. Na mimi ni mtu mwenye kazi katika nyumba yako."

Alininyooshea mkono wa kipimo. Nilimpima presha, ikawa juu kidogo kuliko kawaida. Niliwaza kwamba pengine kunyimwa kunamdhuru kuliko kupewa, lakini wazo si ruhusa. Nilikuwa nakunja kile kitambaa cha kipimo nilipomsikia Nyanya akija kwa miguu yake ya kupapasa. Rimoti ilikuwa mkononi mwake. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Kama ni kufa, afe akijua," alisema, akawasha.

Akakaa kwenye kochi, ncha ya mbali. Nami nikabaki nimesimama nyuma ya kiti cha Mzee, mkono kwenye bega lake, nikihisi pumzi yake. Kwenye runinga kulikuwa na studio yenye mwanga mwingi na watu waliovaa kama wanakwenda harusini. Walihesabu sekunde. Saa yao kubwa ya mnara ikagonga, mtangazaji akasema.

Chama cha waziri mkuu kilikuwa kimeongoza, lakini hakikupata wingi wa viti. Hakuna chama kilichopata. Mtangazaji alilitaja bunge kwa neno la Kiingereza, "hung", yaani lililoning'inia, ambalo mimi nililijua kwa habari za watu walionyongwa, au za nguo kwenye kamba. Studio nzima ilivuta pumzi.

"Lo," Nyanya alisema polepole.

"Nini? Nani ameshinda?" niliuliza.

"Hakuna," Mzee alijibu, macho yakimng'aa. "Mama yule alikuwa na wingi, akaita uchaguzi ili apate zaidi, na sasa hata aliokuwa nao hana. Na sisi nasi hatukufika. Hakuna mshindi."

Yaliyofuata niliyafanya bila kujijua. Nakumbuka mambo mawili tu: ubaridi wa chuma kwenye vidole vyangu, na chumba kuwa na giza. Niliporudiwa na akili, nilikuwa nimekwenda mlango wa mbele nikasukuma komeo na kutia mnyororo. Nilikuwa nimevuta mapazia yote. Nilikuwa nimeondoa kiti cha Mzee dirishani na kukiegemeza kwenye ukuta wa ndani, na mkoba wangu ulikuwa begani, funguo za gari mkononi.

"Mwanangu," Nyanya aliita kutoka gizani. "Unafanya nini?"

Mzee alianza kucheka, kisha akaona nilivyozishika funguo. Aliacha kucheka.

Nilikaa sakafuni, hapo hapo karibu na gurudumu la kiti chake, nikawaambia jambo ambalo sikuwahi kulisimulia lote kwa mtu yeyote Marekani.

Baba yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika mji wa kando ya ziwa. Haukuwa mji wa kabila letu, lakini mimi nilizaliwa pale, na lugha ya pale niliijua kabla ya kuijua vizuri ya wazazi wangu. Uchaguzi mmoja matokeo yalikawia. Leo huyu anaongoza, kesho yule. Baba alikaa na redio mapajani na hakula. Mwishowe wakatangaza mmoja, na mji haukuamini. Walianza na duka, tuliona moshi. Kisha wakaja kwenye lango letu. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule, nimejificha nyuma ya kabati na mama, na wale waliokuwa wakigonga walikuwa wakiniita kwa jina langu, kwa sababu sauti mbili tatu nilizijua na wao walinijua. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alitupitisha juu ya ukuta wa nyuma kwa ngazi ya kuchumia maparachichi. Baba alitoka bila hata mkwaruzo. Lakini alipofika kwa dada yake alikaa kwenye kiti akaacha kuwa mtu, na baada ya muda akafa hivyo hivyo, amekaa.

"Na mama yako?" Nyanya aliuliza.

"Alirudi kule. Jirani yule alimwita arudi. Ana duka dogo la sabuni na unga. Nimemsihi aondoke kabla ya mwezi wa nane, amekataa. Anasema kaburi la mume wake tayari liko mbali, hataacha na nyumba."

Studio ilikuwa bado ikibishana. Nyanya alibonyeza rimoti akapunguza sauti.

"Waliokuwa langoni," nilisema, "walikuwa wakizungumza lugha ya mume wangu. Sijamwambia. Anajua duka lilichomwa. Hilo la lugha na jina langu hajui."

Kisha Mzee akageuza shingo, akamtazama mkewe moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu ule mwezi wa nne.

"Mpe chai," alimwambia.

"Ndiyo nainuka," Nyanya alimjibu.

Nilitaka kwenda mimi, kwa sababu birika lilikuwa la moto na macho yake mabaya, lakini alinikataza kwa kiganja. Tulimsikia akipapasa vikombe. Mzee akanielezea taratibu, kama anayemwelezea mtoto radi. Huko kwao wangegombana studioni mpaka kupambazuke. Kesho yule mama angetafuta chama kidogo cha kumshikilia mkono, pengine wale wa Ireland ya Kaskazini. Magazeti yangemtukana. Watu wangekwenda kazini.

"Hakuna atakayekufa?"

"Pengine mimi."

"Si leo," Nyanya alisema kutoka jikoni. "Leo nina hamu ya kuona chama chako kikijidai kimeshinda wakati kimeshindwa."

"Na chako kimeshindwa wakati kimeshinda!"

Nilikuwa nimeshika kikombe, karibu nitabasamu, mlango wa mbele ulipotikisika.

Ufunguo ulizunguka, mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukaukamata. Kimya. Kisha ngumi. Mtu alipiga mlango ule kwa ngumi zote mbili, akiita, na chai ikanimwagikia mapajani nisihisi moto. Nilimshika Nyanya mkono nikaanza kumvuta kuelekea mlango wa nyuma. Alinifuata hatua mbili tatu, maskini, kabla ya kuniambia sikioni, "Ni binti yangu. Sikiliza. Ni binti yangu tu."

Ni yeye aliyekwenda kutoa mnyororo. Binti aliingia uso umepauka. Alimkuta baba yake kwenye giza, amesukumwa ukutani, runinga inawaka, na mtunzaji wao amelowa chai, mkoba begani. Hata mimi, kama ningeingia, ningewaza mabaya.

"Nini hiki? Kwa nini umewafungia?"

"Nilikuwa..." nilianza, na Kiingereza chote kikanitoka.

"Mimi ndiye niliyewasha runinga," Nyanya alisema.

"Sikuulizi wewe, mama. Na mnyororo? Baba angepatwa na mshtuko wa moyo, gari la wagonjwa lingeingiaje?"

Swali lile lilikuwa la haki. Mzee alijaribu kueleza, akapandwa na kikohozi, na kikohozi kile kikamalizia kesi. Binti aliniambia niende nyumbani. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Niliendesha gari mpaka Columbia Heights nikiwa nimelowa chai. Mume wangu alikuwa jikoni anamenya viazi, watoto wamekwenda kucheza kwa jirani. Aliona sketi yangu, akaweka kisu chini.

"Umeumia?"

Nilimweleza kilichotokea. Nilipofika kwenye mlango na mapazia, aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kwa nini? Nikamwambia yote. Nikamwambia lugha. Nikamwambia na jina langu lilivyotamkwa.

Alivuta kiti akakaa. Kisha akasema, "Kwa hivyo nikiongea na mama kwa simu, hapa, na wewe unapika hapo..."

"Mara nyingi nakusikia wewe."

"Na mara nyingine?"

Niliinamia sketi yangu iliyolowa. Aliinuka akaosha kiazi ambacho alikuwa ameshakiosha.

"Kaka yangu," alisema akiwa amenipa mgongo. "Yule wa mashamba ya maua. Nilikwambia alikufa kazini."

"Ndiyo."

"Hakufa kazini. Ni mwaka ule ule wa duka lenu, wiki chache baadaye. Walikuja kulipiza. Walimfungia ndani ya nyumba aliyopanga, wakaitia moto. Na lugha waliyokuwa wakizungumza, mama watoto, unaijua vizuri sana."

Tulisimama pale na viazi vyetu. Watu wanadhani ukishasema ukweli mzigo unashuka. Wetu haukushuka, tuliuona tu ukubwa wake. Hakunilaumu, nami sikumlaumu, na bado wiki zilizofuata tulipishana kwenye korido ya fleti kwa uangalifu kama watu waliobeba maji ya moto.

Wakala alinihamisha. Nilipewa mama mmoja huko Crystal aliyelala kutwa, na kazi yangu ikawa kumsikiliza akipumua. Lakini Nyanya alikuwa amekamata simu. Alipiga ofisini kila asubuhi akitaka nirudishwe, na siku waliyomtuma mtunzaji mwingine, Mzee alikataa kupimwa chochote. Mwishowe binti mwenyewe alinipigia. Alisema mama yake amemsimulia, na kwamba hakujua. Alisema pia kwamba mnyororo wa mlango ameung'oa, na anaomba nisilichukulie vibaya. Nilimwambia ningeung'oa hata mimi.

Nilirudi Bloomington mwezi wa saba. Mzee na Nyanya walikuwa wakisemezana, tena kwa wingi, yaani walikuwa wakigombana moja kwa moja. Yule mama wa London alikuwa amepata chama chake kidogo cha kumshikilia, kile kile Mzee alichokitabiri, na kila habari ya kuyumba kwake ilikuwa chakula cha asubuhi. Mimi nilisikiliza nusu. Masikio yangu yalikuwa kando ya ziwa.

Wiki ya uchaguzi wetu sikulala vizuri. Kura zilipigwa, kisha siku za kusubiri zikaanza, siku zile zile ninazozijua: takwimu zinatiririka, upande mmoja unalia wizi. Upande wa mume wangu ndio uliokuwa ukilia. Mama nilimpigia kila siku. "Niko sawa, duka nimefunga, usinisumbue," alisema. Halafu siku ya Ijumaa simu yake haikupatikana.

Nilipiga kabla ya kutoka nyumbani. Nilipiga nikiwa nimeegesha gari mbele ya nyumba ya wazee. Nilipiga nikiwa namwogesha Mzee, simu juu ya kabati la taulo, kipaza sauti kikirudia kwamba mteja hapatikani. Mzee hakulalamika maji kupoa.

Matokeo yalitangazwa mchana wa huku, usiku wa kule. Tulitazama kwenye tableti ya Nyanya, sote watatu kwenye kochi moja, na safari hii alikuwepo mshindi. Upande wangu ulishinda. Ndani ya muda mfupi kulikuwa na picha za matairi yanayowaka katika mji wa kando ya ziwa, na polisi wakikimbia. Niliona kona ninayoijua. Niliona kibanda cha rangi ya bluu ambacho baada yake unakata kulia kwenda kwetu.

"Piga tena," Nyanya alisema.

"Hapatikani."

"Piga tena tu."

Nilimpigia mume wangu hospitalini, hakushika. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, sijui nikae au nitoke, simu ilipolia mkononi mwangu. Namba ilikuwa ya kule na sikuijua. Nilipoipokea, mwanamke alinisalimu kwa lugha ile. Lugha ya langoni. Nilimjibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza tangu usichana wangu, na maneno yalinijia bila kutafutwa.

"Mimi ni mama wa mume wako," alisema. "Ngoja, kuna mtu hapa anasumbua anataka simu."

Kisha nikamsikia mama yangu.

"Simu yangu imekufa. Huku umeme umepotea tangu asubuhi. Ulikuwa unalia? Acha kulia."

"Mama, uko wapi?"

"Niko kijijini kwa wakwe zako. Mumeo hakukwambia? Alipanga tangu wiki jana. Leo alfajiri mama yake amekuja na gari la kubebea mchanga, amesimama dukani kwangu na kusema haondoki bila mimi. Nikamwambia sitaki. Akaingia ndani akaanza kunifungia nguo. Huyu mama ana nguvu, wewe!"

Walikuwa wamekutana mara moja tu, wakati wa mahari. Nilimwomba Mungu asinirudishie tena dakika zile, nikamshukuru hapo hapo.

Mume wangu alinipigia alipotoka kwa mgonjwa. Nilitoka nje, nikasimama kwenye nyasi, ndege ikapita nikasubiri.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," nilisema. Ndivyo ilivyokuwa, na alistahili kuusikia ukweli huo.

"Mama naye hakukubali mara moja," alisema. "Alinikumbusha kaka. Nikamwacha alie. Kesho yake akanipigia akiuliza duka liko mtaa gani."

Uchaguzi ule mahakama iliufuta baadaye, ukarudiwa, upande wa mume wangu ukaususia, na miezi ikapita watu wakiwa roho juu. Muda huo wote mama yangu alikaa kijijini kwa wakwe zangu. Mzee aliniuliza habari zake kila nilipoingia, kabla hata sijavua koti, hadi theluji ilipoanza na moyo wake ukakataa kuendelea. Alifia nyumbani, mchana, Nyanya akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mirija. Nyanya alihamia kwa binti yake.

Mimi na mume wangu bado tunapiga simu kule kila Jumapili baada ya kanisa, tukiweka sauti ya nje, watoto wakisalimu kwa Kiingereza. Mama alisharudi dukani kwake, lakini mama wa mume wangu humtembelea siku za soko, na kwenye simu hawaachiani nafasi. Mara ya mwisho mama alinishitakia kwamba yule mama mwingine anachemsha samaki mpaka wanakuwa uji.

"Basi mwambie," nilisema.

"Nimemwambia! Anasema kwetu ndio hatujui samaki."

Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akisema kitu kwa lugha yake, haraka, kwa sauti ya juu, na wote wawili wakacheka. Mume wangu alinitazama kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Mama mkwe alisema mama yangu ni mkaidi kama punda, amuulize mtu yeyote.